Banapitisha sheria mbio mbio ku mwisho wa sesio, siye raia tunaisoma saa ngapi?

mama_sekretere (Lubumbashi, Katuba)

Jambo yenu bote. Miye niko sekretere wa kikundi cha bamama banauzisha ku soko hapa Katuba, tuko karibu 40, na kazi yangu, kisha kuandika likelemba (franga tunachangiana kwa zamu), ni kusoma makaratasi. Ju kila karatasi ya serikali yenye inafika ku meza zetu iko mu Kifaransa, na bamama bengi pale banasikia Swahili, Kibemba, Kiluba, basi mumoja analeta karatasi, miye nasoma, nafasiria, bengine banauliza, tunajadiliana mpaka kila mutu ajue analipa nini na anakatala nini. Tunafanyaka ile kazi siku ya yenga kisha misa.

Mwaka jana tulipatana kama tusingojee tena paka karatasi ya kulipa. Tulisema tuanze kufuata sheria wakati ingali ku bunge, ikiwa bado proje, ili kama kuko fashi yenye inatuumiza tuseme mbele ya kura. Miye njo balinipa ile kazi, na miye njo nilishindwa.

Mu mwezi wa 12 tulisikia ku radio kama sheria ya bajeti ya mwaka iko ku bunge na ndani yake kuko mambo ya takse na ya bintu binaingia ku mupaka. Siye tunaishi na Kasumbalesa, unga, mafuta, sabuni, mingi inapitia kule, kwa hiyo tulitaka kujua. Nikaenda ku biro ya depite mumoja, jina naacha, nikangojea toka saa tatu mpaka saa nane. Musaidizi wake alinipokea vizuri, alinipa kiti, akanipa maji, lakini akasema: mama, hata mukubwa mwenyewe hajaona teksti yenye itapigiwa kura, bataigawanya siku ile ile. Siku tatu kisha, radio inasema imepita. Bamama banakuja, sekretere banasema nini mule? na miye sina kintu mu mukono, nilisikia haya sana mbele yabo.

Sasa nauliza benye kujua. Sheria ya inchi inaomba siku ngapi kati ya kuweka teksti na kuipigia kura? Ile neno urgence (haraka) banasemaka, nani anaamua? Na siye batu ba soko tunaingilia wapi mule ndani? Tafazali musiniletee mambo ya vyama, sitafute kutukana mutu, natafuta njia.

metre_kampemba (Lubumbashi)

Mama sekretere, jambo na pole ya kungojea. Miye niko avoka hapa Lubumbashi, nitakujibu na artikle kidogo ju bila artikle hapa tutapotea.

Siku ngapi: kwa sheria ya kawaida, mu Katiba ya 18 Februari 2006 sikuone fashi yenye inasema teksti ikae siku 10 ao siku 30 mbele ya kura. Yenye iko ni kalenda ya sesio, artikle 115, sesio ya kwanza inafunguliwa 15 Machi inafungwa 15 Juni, ya pili 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Ndani ya ile miezi 3 njo kazi yote inapaswa kufanyika, na kwa sababu mulango unafungwa tarehe yenye kila mutu anajua, kila mwenye anataka sheria yake ipite anakuja kuisukuma mu juma ya mwisho, serikali, madepite, bote, na unasikia teksti nyingi zimepita siku moja. Ni namna tumezoea kufanya kazi, na miye inaniumiza ju ni mu tribunali njo tunakuja kuvuna, unasimama mbele ya juge na artikle mbili za sheria moja zinapingana, mukliente wako anakuangalia, na haujue walioandika walitaka kusema gani.

Urgence: anayeitangaza ni serikali, artikle 125. Lakini tusome vizuri. Inasema serikali ikitangaza urgence, proje yake inapitiwa mbele ya zingine, mu komisio yenye inahusika, mu kila chumba ya bunge (Asambele ya madepite na Seneti). Yaani inapewa nafasi ya KWANZA mu mustari, ni ile tu. Haisemi komisio isikae, haisemi watu wasipewe teksti. Ku hospitali mugonjwa wa urgence anapitishwa mbele ya bengine lakini daktari anamupima vilevile, na pengine anamupima zaidi. Sasa neno lile linatumiwa kama ruhusa ya kuruka kazi, na mu artikle 125 ile ruhusa haimo.

Kuko tena mulango mwingine wenye batu hawaangalie sana, artikle 129. Serikali inaomba bunge ruhusa ya kufanya ordonansi zenye nguvu ya sheria, kwa muda fulani na kwa mambo fulani, na muda ukiisha bila bunge kuzikubali rasmi zinakufa. Kode ya numeriki ya 13 Machi 2023, yenye inatuhusu siye bote tunaandika ku telefone ju ndani yake kuko gereza kwa mwenye kusambaza habari ya uongo, ilitoka kwa ile njia, ilikuwa ordonansi. Sisemi kode ni mubaya yote. Nasema mutu anaweza kufungwa na maneno yenye bunge yake haikuyapigia kura ya mwisho artikle kwa artikle.

Ya bajeti sasa. Artikle 126 inaomba serikali iweke ile proje ku bunge kufika 15 Septemba. Kwa hiyo kama njia ilifuatwa, mama, teksti ya kwanza ilikuwa kule karibu miezi 3 mbele wewe ukae mu ile kiti. Nafikiri musaidizi alikuwa anasema teksti yenye inatoka mu komisio kisha kurekebishwa. Mwenye alifanya kazi mule ndani atusaidie.

alikuwa_musaidizi

Metre amesema vizuri. Nilifanya kazi ya musaidizi wa mchaguliwa mmoja miaka kadhaa, jina lake na chumba chake naacha.

Mama, yule kijana hakukudanganya. Proje ikifika, kwanza inasikiwa na pleniere (kikao cha wote) kwa ujumla, kila mtu anaongea dakika zake, kisha inatumwa komisio, mambo ya bajeti yanaenda Ecofin, mambo ya siasa na sheria yanaenda PAJ. Kule komisio ndiko kazi ya kweli, artikle moja moja, wengine wanaleta amandema (marekebisho), serikali inatetea yake, wataalamu wanaitwa kama kuna muda. Na kazi ile ikiisha teksti imebadilika, mara nyingine imebadilika sana, na hii mpya ndiyo inarudi pleniere pamoja na rapore. Sasa siku za mwisho za sesio, rapore inasomwa kwa sauti wakati teksti mpya bado inachapishwa kwenye chumba cha pili, mashine ya fotokopi imepata moto, watu wamekaa tangu asubuhi hawajala. Mwenye kuongoza kikao anauliza artikle ya kwanza, hakuna neno? imepita. Ya pili, hakuna neno? imepita. Inaenda hivyo mpaka mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha ya zamani na mpya na kalamu nyekundu. Usiku mmoja niliona artikle moja ambapo asubuhi iliandikwa "inaweza" na jioni imekuwa "inapaswa". Neno moja. Kwa mwananchi anayelipa ile ni tofauti ya kuombwa na kulazimishwa. Nikainuka kumkimbilia mkubwa wangu, nikafika ameshainua mkono, artikle imepita, tuko mbili mbele. Hakuna aliyeficha kitu, nadhani. Ilikuwa uchovu na saa. Lakini lile neno liko ndani ya sheria mpaka leo na mimi nililiona, sijalisahau.

Ila nitasema kitu ambacho wengine humu hawatapenda. Muda peke yake haimlindi raia. Angalieni kode ya migodi, sisi watu wa Katanga tunaijua. Ile ya zamani ni ya 11 Julai 2002, kazi ya kuirekebisha ilianza mwaka 2012, na sheria mpya ilitoka 9 Machi 2018. Miaka sita! Ikawekwa, ikaondolewa, ikarudi. Na ile miaka sita nani aliitumia? Kampuni kubwa zenye avoka wa Kinshasa na wa ng'ambo zilituma maandiko yao kila hatua, hata siku mbili kabla ya sahihi, 7 Machi, wakubwa wa makampuni walikuwa Kinshasa wanaongea na Rais uso kwa uso. Watu wa mashirika ya raia walipigana pia, nawaheshimu, wamo walioshinda mambo makubwa, redevansi (malipo ya kampuni kwa serikali) ya shaba na kobalti ilitoka asilimia 2 kufika 3.5, na 10 kwa madini yakiitwa ya strateji, na ile asilimia 0.3 ya mauzo kwa vijiji vya karibu na mgodi. Lakini mwanakijiji wa kando ya Kolwezi, yeye ile miaka sita alipewa teksti asome? Kwa hiyo tukiomba muda tuombe na karatasi yenyewe pamoja.

mwana_birere (Goma)

Wakubwa heshima. Yaya musaidizi nakusikia mambo ya migodi lakini mimi siwezi kusema ni uchovu na saa kila mara, kuna haraka yenye inapangwaga.

Mwaka 2011 nilikuwa kijana mudogo lakini nakumbuka, uchaguzi ulikuwa mwezi wa 11, na mu mwezi wa kwanza wa ule mwaka Katiba yenyewe ikabadilishwa, artikle nane kwa jumla, ndani ya siku kidogo, tarehe 20 Januari imetiwa sahihi. Moja ni artikle 71, mbele yake rais alipaswa kupata zaidi ya nusu ao turudi mara ya pili, kisha ikawa mara moja tu. Uchaguzi ukafika 28 Novemba, CENI (tume ya uchaguzi) ikatangaza mshindi na asilimia 48.95. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kitu cha ukubwa ule, Katiba yenye watu walipigia kura ya referendumu Desemba 2005, mama yangu alipanga mustari asubuhi mpaka saa tisa kuipigia kura, unaibadilisha mbele watu hawajamaliza kusema bonane?

Kisha 2015. Sheria ya uchaguzi, ile ya kuhesabu watu mbele ya kupiga kura. Asambele iliipitisha Jumamosi 17 Januari, upinzani hawako ndani ya sale. Jumatatu 19 watu wako barabarani Kinshasa, kisha Bukavu, kisha huku kwetu, intaneti ikakatwa, watu wakakufa, na huku Goma pia walikufa, wengine wanafunzi, sitaandika zaidi kuhusu ile siku. Yenye nataka muone ni hii: Seneti ilikaa na ile teksti siku kidogo tu zaidi, tarehe 23 ikaondoa ile fashi ya kuhesabu, tarehe 25 Asambele ikakubali. Siku SITA kati ya kura moja na ingine. Kama ile kazi ya Seneti ingefanywa mbele, komisio ikae, watu waitwe, aliniuliza mtu hapa mtaani, wale watoto si wangekuwa leo na watoto wao?

Na ya tatu ndiyo tunaishi nayo. Eta de siej, yaani jeshi kuchukua uongozi, ilianza 6 Mai 2021 hapa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Artikle 144 inasema siku 30, kisha bunge inaweza kuongeza siku 15 kila mara. Gavana akawa mwanajeshi, raia akapelekwa ku tribunali ya jeshi. Siku 15 ziliwekwa hivi nafikiri ili kila mara wabunge waulize, inasaidia? haisaidii? tuendelee? Mimi nilikuwaga na kaye naandika tarehe ya kila kura. Niliandika makumi ya tarehe. Mara zingine sheria ya kuongeza ilikuwa inaletwa na kupita siku ile ile moja, na bunge ikienda mapumziko inaongezwa kwa ordonansi. Nikachoka, kaye ikajaa, nikaacha. Siku 15 ikigeuka mazoea haiko tena siku 15.

alikuwa_musaidizi

Mwana Birere, ya 2011 na 2015 sina la kupinga. Nilisema juu ya siku za kawaida. Zile hazikuwa siku za kawaida, umesema kweli.

vie_kamalondo (Lubumbashi)

Bana, muongeze na kukata Katanga. Katiba ya 2006 ilisema provensi 26 pamoja na Kinshasa, tukangojea, miaka inapita, 2007, 2010, 2013, hakuna mutu anaharakia. Halafu 2015, sheria ya kupanga ile kazi inatoka 28 Februari, ile ya mipaka 25 Machi, na mbele mwaka haujaisha Katanga iko fashi 4, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Miaka tisa ya kungojea kisha miezi ya kukimbia. Miye nilikuwa agent wa serikali, tuliona makabati ya archive yanagawanywa na hakuna mutu anajua dosie ya nani inabakia Lubumbashi na ya nani inaenda Kalemie. Kuko benzangu balikufa bado banatafuta dosie ya pensheni. Sikatale provensi mpya, Kolwezi leo inajengwa, tunaona. Nasema miaka ile tisa njo ilikuwa ya kupanga.

kijana_ruashi

Bamama mupumuzike tu. Hata mukipewa teksti mwezi mzima, depite atapiga kura vile chama yake inamwambia. Munaharibu mega.

dada_wa_kadutu (Bukavu)

Kijana wa Ruashi, sikukatalii kwamba wengi wanafuata chama. Lakini mimi na wenzangu huku Bukavu tumefanyaga kazi hii na wanawake wa kikundi chetu Kadutu, na nakuambia depite akiwa anajua kwamba kuna watu 40 kwake nyumbani wamesoma artikle ile kwa namba yake, anaongeaga tofauti. Haibadilishi kura kila siku. Inabadilisha yenye anathubutu kuja kutuambia.

Mama sekretere, nakusalimia sana, kazi yako ni ile yangu. Nikueleze vile sisi tunafanyaga.

Ya kwanza, tuliacha kukimbilia juma ya mwisho, kwa sababu pale umeshachelewa. Sesio ikifunguliwa, Machi ao Septemba, kila chumba kinaweka kalenda ya teksti zenye kitashughulikia. Ile kalenda ndiyo tunatafuta, siku za mwanzo, kwa waandishi wa habari, kwa mashirika ya raia, kwa mtu yeyote mwenye iko nayo. Hatusomi teksti zote, hatuwezi, tunachagua moja ao mbili zenye zinagusa sahani. Kisha tunaandika barua fupi, ukurasa moja, si ya kulalamika, tunasema artikle namba fulani itatufanya hivi, tunaomba iandikwe hivi. Tunaipeleka kwa komisio, siyo kwa pleniere, yaya musaidizi ameeleza vizuri ni kwa nini.

Ya pili, mapumziko. Kutoka 15 Juni mpaka 15 Septemba na kutoka 15 Desemba mpaka 15 Machi, kama hakuna sesio ya pekee, madepite wanapaswa kuwa huku chini. Ukimukosa Kinshasa, usimukose pale. Mwaka mmoja tulimualika mmoja chini ya manguier, akakuja na gari mbili na soda, tukamwambia soda ni aksanti lakini leo tunataka utueleze artikle hizi tatu. Hakuzijua. Alisema ukweli, hakuzijua, akaomba turudie baada ya siku mbili, na alirudi, ameshasoma. Mimi yule mtu nilimuheshimu kuanzia ile siku.

Ya tatu, na hii Metre hakuigusa: artikle 142. Sheria inaanza kazi siku 30 kisha kutangazwa mu Gazeti Rasmi, isipokuwa yenyewe iseme tofauti. Na tena inasema serikali inapaswa kuisambaza mu Kifaransa NA mu kila luga ya taifa kati ya zile nne, ndani ya siku 60 tangu itiwe sahihi. Nne ni Kikongo, Lingala, Swahili, Tshiluba. Mama, ile kazi unafanya siku ya Mungu kisha misa, bila mshahara, Katiba inasema ni kazi ya serikali. Mimi niko na miaka 44, nimeuliza biro nyingi, na mikono yangu bado haijashika sheria hata moja ya bunge mu Swahili kutoka kwa serikali. Ile inaniuma kuliko haraka yenyewe. Kwa sababu kama wangejua mbele kwamba lazima teksti itafsiriwe na ifike Kadutu na Katuba, wangeiandika pole pole.

Ndugu yangu anaishi Nairobi, kule Katiba yao artikle 118 inalazimisha bunge kushirikisha raia, na mwaka 2024 mwezi wa 7 Mahakama ya Rufaa ilifuta sheria nzima ya fedha ya 2023, mambo ya kushirikisha watu yakiwa ndani ya sababu, kisha Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliishia kushindwa, sawa, lakini majaji walikaa wanajadili kama raia alisikilizwa ao hapana. Mimi sijui artikle ya kwetu yenye tungeanzia kesi ya namna ile.

metre_kampemba

Dada wa Kadutu aksanti, 142 nilipaswa kuanza nayo, miye avoka nimesahau na mwalimu wa kikundi amekumbuka.

Niongeze mbili. Kwanza, kisha kura mambo hayajaisha: artikle 139 inaruhusu sehemu moja ya kumi ya madepite ao ya masenatere kupeleka sheria ku Mahakama ya Katiba mbele rais hajaitia sahihi, siku 15 tu. Ku Asambele yenye viti 500 ile ni depite 50. Mutu wa kawaida hawezi kuiomba pale lakini anaweza kumwomba depite wake awe mumoja kati ya ile 50, na hapa tena kila kitu kinasimama ku kupata teksti mapema ju siku 15 inapita kama upepo. Rais pia, artikle 137, anaweza kurudisha sheria bunge iijadili upya.

Ya pili ni artikle 27. Kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na bengine, anaweza kuandikia mamlaka ya serikali petisio, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Haiombi avoka. Miezi 3 ni muda murefu kuliko urgence yao, kwa hiyo haitasimamisha kura, lakini jibu likiwa mu mukono ni karatasi yenye munaweza kuonyesha.

mama_sekretere

Bandugu, nimesoma yote mara mbili, ya pili nilisomea bamama tatu kwa sauti hapa ku meza. Yaya mumoja mwenye anauzisha samaki ya tomson alisema ile mufano ya hospitali njo ataikumbuka, mugonjwa wa urgence anapimwa. Ye mwenyewe mutoto wake aliingia urgence mwaka jana na daktari alikaa naye usiku muzima.

Vie wa Kamalondo, pole ya benzako. Mwana Birere, Mungu akulinde kule, ile kaye usiitupe, hata kama imejaa.

Kijana wa Ruashi, mama yako anauzisha wapi? Nauliza vizuri kabisa. Mwambie aje siku ya yenga.

Yenye tumepatana mu hii juma: hatutangojea mwezi wa 12. Mwezi wa 9 ukifika nitatafuta ile kalenda, na bajeti tutaomba teksti ya kwanza, ile ya 15 Septemba, si ya mwisho. Halafu petisio ya artikle 27, tutaomba kintu kimoja tu, ile ya 142, batupe sheria ya bajeti mu Swahili. Bamama bamesema tusichanganye na kilio kingine. Miye nilitaka kuongeza mambo ya takse, banikatalia.

Metre, swali la mwisho: ile petisio tunaweza kuiandika mu Swahili?

metre_kampemba

Artikle 27 haisemi luga gani, mama. Na artikle 1 inaweka Kifaransa luga ya ofisi lakini inaweka Swahili luga ya taifa. Andikeni mu Swahili mbele, Kifaransa nyuma ya karatasi ile ile, ili mutu asiseme hakusikia. Fanyeni kopi mbili na muombe akize ya kupokea, tarehe na muhuri, ju miezi 3 inahesabiwa kutoka pale. Ukimaliza nitumie mu ndani nisome, siombe franga.

mama_sekretere

Aksanti Metre. Upande wa Swahili umekwisha kuandikwa, mustari 11. Nangojea tu bamama ishirini benye hawajue kuandika balete kidole siku ya yenga, wino niko nayo.